Ulimbo wa Watu

Jumanne, tarehe tisa Februari 1999, saa nane na dakika kumi mchana, ufa wa chano cha Maudie ulikuwa na urefu wa sentimita kumi na tisa. Desmond aliupima kwa rula ya chuma, akaiandika namba kiganjani kwa penseli ya useremala, kisha akaupima tena akianzia upande wa pili. Kumi na tisa. Wiki iliyotangulia ulikuwa kumi na sita na nusu.

"Unampima maiti?" Maudie akauliza kutoka kitandani.

"Napima ufa, mama mkubwa."

"Ufa haupimwi. Ufa unazibwa."

Chumba chake kilikuwa cha tatu upande wa kushoto katika hosteli ya wagonjwa wa figo, mjini Alice Springs. Kiyoyozi kilinguruma juu ya dirisha usiku na mchana. Desmond, aliyekuwa seremala mwenye cheti na miaka kumi na minne ya kazi, hakuhitaji kutafuta mchawi. Ubao uliokaa zaidi ya miaka hamsini katika mchanga, moshi na mafuta ya wanyama, ukipulizwa na hewa kavu kwa miezi kumi na minne, hupasuka. Hupasukia nchani, pale ambapo nyuzi zimekatwa fupi.

Chano kilikuwa kirefu kama mkono wa mtu mzima tangu bega hadi ncha za vidole, chembamba, chenye kina cha kushika maji. Mama yake Maudie alikichonga katika gamba la mti wa mtoni kabla gari lolote halijafika kwao. Ndani yake alilala Maudie alipokuwa mchanga, kisha akalala mdogo wake, aliyekuja kuwa mama yake Desmond. Huyo mdogo alifia mjini miaka mitano iliyopita kwa ugonjwa huohuo wa figo, na tangu siku hiyo, kwa desturi ya kwao, jina lake halikutamkwa. Maudie akisema "yule wa pili," ilitosha.

Sasa Lorraine, mjukuu wa Maudie, alikuwa na mimba ya miezi minane huko Kintore, kilomita mia tano na thelathini magharibi mwa mji. Wiki chache zijazo angeletwa mjini kwa ndege ajifungulie hospitalini, kama walivyoletwa wanawake wote wa kule, kisha angerudishwa. Maudie alikuwa ameshaamua: chano kitangulie Kintore kabla mtoto hajazaliwa.

"Mtoto atazaliwa katika kitanda cha chuma," alisema. "Sawa. Lakini kitu chake kiwe kinamngoja nyumbani. Kikiwa huku, na yeye atajua kwao ni huku."

Mwenyewe hakuweza kukipeleka. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alilazwa kwenye kiti cha kituo cha kusafishia damu, kwa muda wa saa tano kila mara, na Kintore hakukuwa na mashine hata moja. Katika miezi kumi na minne alikwenda nyumbani mara moja tu, kwa mazishi, akakosa zamu moja ya mashine. Alirudi kwa ndege ya madaktari, mapafu yamejaa maji. Hakuna aliyeyazungumza tena hayo. Lori la duka la Kintore lilipakia bidhaa mjini Ijumaa moja katika kila mbili, na lililofuata lilikuwa la tarehe kumi na tisa.

"Nina gundi ya makopo mawili," Desmond akasema. "Unachanganya nusu kwa nusu, unaipaka, unabana kwa jiliwa, unaacha usiku kucha. Asubuhi kiungo kina nguvu kuliko mti wenyewe. Ukikipiga nyundo, ubao utavunjika pembeni, gundi ibaki."

"Na wewe unaona hiyo ni sifa?"

"Ni sifa, mama. Watu wananilipa kwa hilo."

"Kabati la jikoni halilei mtoto." Akageuka taratibu, akiulinda mkono wa kushoto uliovimba pale sindano zilipozoea kuingia. "Mti unavimba, mti unasinyaa. Gundi yako haijui. Itang'ang'ania tu kama mlevi kwenye mlango wa baa, mpaka mti upasuke mahali pengine. Ulimbo wa nyasi ukichoka unausogeza motoni, unalainika, unaubonyeza tena. Mama yangu kaubonyeza huu mara ngapi, sijui."

Hilo Desmond hakuweza kulikanusha. Pembeni mwa chano palikuwa na kiraka cheusi cha zamani, kigumu kama kioo, chenye alama za vidole gumba za watu watatu tofauti. Hizo nazo alikuwa amezipima.

"Nataka ulimbo," Maudie akasema. "Wa kwetu. Una gari au huna?"

"Ninalo."

"Una mikono?"

Jumamosi tarehe kumi na tatu, saa kumi alfajiri, Desmond akaondoka kwenda Kintore na turubai, fimbo mbili, mapipa mawili ya maji na mkate wa majivuni aliookewa na jirani. Barabara ya lami iliisha, ikaanza ile ya udongo mwekundu yenye matuta madogomadogo yanayotikisa meno. Alikuwa na siku mbili. Jumatatu asubuhi alitakiwa kazini, kuning'iniza milango kumi na mmoja ya shule.

Alikuwa amekwenda Kintore mara nne tu maishani. Alizaliwa Papunya, ambako watu wa kwao walikusanywa baada ya kutoka jangwani, na akiwa na miaka tisa mama yake alimleta mjini kusoma. Wenzake waliporudi magharibi na kujenga Kintore, yeye alikuwa anajifunza kutumia randa. Kwa hiyo alipojiambia njiani kwamba anakwenda nyumbani, alijisikia kama mtu anayevaa koti la kaka yake: linamkaa, ila mifukoni hamna kitu chake.

Saa nne unusu, kilomita mia tatu na tano kutoka mjini, kijito ambacho huwa na maji siku tano kwa mwaka kilikuwa na maji. Mvua ilinyesha mbali, upande wa kaskazini. Hapo aliposimama vumbi lilikuwa kavu. Upana wa maji ulikuwa mita arobaini. Alichomeka kijiti ukingoni, akakitia alama kwa kisu, akakaa kivulini. Baada ya saa moja maji yalikuwa yamepanda sentimita sita. Baada ya saa nne alama ilikuwa haionekani.

Akageuza gari.

Kilomita thelathini na tano nyuma palikuwa na uwanda wa mchanga ambao mvua haikuugusa, na juu yake manyasi yale ya mashungi yenye miiba, aina laini inayotoa ulimbo. Desmond alisimamisha gari. Ardhi ile haikuwa ya kwao. Ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikaa Papunya, kilomita thelathini mbele yake katika njia hiyohiyo ya kurudi, na alijua kama anavyojua jina lake kwamba mtu huanza kwa kuuliza. Lakini ilikuwa saa tisa alasiri. Wenyewe wangemkalisha, wangemtafuta mzee fulani, mzee angekuwa amekwenda kuwinda, na Jumamosi ingekwisha kwenye kikombe cha chai. Nyasi zilikuwa maelfu kwa maelfu. Alihesabu mashungi aliyoyakata: arobaini na mawili.

Aliyatandaza juu ya turubai, akayapiga kwa fimbo mpaka mashati mawili yakalowa. Vumbi la ulimbo lilidondoka, likichanganyika na makapi. Akapepeta. Hakuwa na mkono wa kupepeta. Makapi yalimrudia machoni. Akapepeta tena. Kisha akawasha moto, akalikaribishia vumbi kijinga chenye kaa jekundu, likayeyuka, likageuka jeusi, likatoa ule moshi mtamu na mchungu kwa pamoja ambao alikuwa ameusahau tangu Papunya. Alilowesha viganja, akafinyanga. Kwa kazi ya saa tatu alipata bonge la ukubwa wa yai la bata. Jioni alipita Papunya bila kupunguza mwendo.

Jumapili saa nane mchana Maudie alilipokea kwa mikono miwili.

"Limetoka kwetu?"

"Limetoka magharibi," Desmond akasema.

Ilikuwa kweli kama namba ya nyumba ya jirani ilivyo kweli. Maudie akalinusa, akafumba macho, akalinusa tena. Kisha akaanza kusema, yeye ambaye jioni huwa amechoka hata kwa salamu. Akamweleza juu ya kisima kilicho kwenye mwamba magharibi ya Kintore, ambamo mtoto hushushwa akiwa ameshikwa miguu ili achote. Juu ya siku yeye na yule wa pili walipokisahau chano juani, ulimbo ukalainika, kiraka kikatoka, na mama yao akawafukuza kwa fimbo hadi kilimani. Alicheka mpaka akakohoa. Desmond alikaa kwenye kiti cha plastiki akatazama kiyoyozi.

"Kesho nina mashine," Maudie akasema mwishoni. "Jumanne tutaziba. Leo acha nikae nalo."

Jumatatu, saa sita na robo adhuhuri, Desmond alikuja kumchukua kituoni akiwa na vumbi la mbao kichwani. Viti vilikuwa kumi, vimepangwa mistari miwili. Maudie alikuwa amekwisha kuchomolewa sindano, anabonyeza pamba kwenye mkono. Kiti cha pembeni yake kilikuwa cha Eunice, mwanamke mnene wa Papunya aliyemwita Maudie wifi kwa hesabu za ukoo, na kwa haki hiyo alimtania kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

"Huyo amekuja!" Eunice akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Mwanao wa kuchapa nyasi. Njoo, baba, nikuangalie mguu."

"Mguu gani, shangazi?"

"Wa kulia. Ule unaotazama pembeni kama wa bata."

Desmond alianguka kutoka kwenye paa mwaka 1991. Tangu hapo mguu wa kulia aliukanyaga ukiwa umegeukia nje.

"Mwanangu kaja jana kutoka nyumbani," Eunice akaendelea, akimgeukia Maudie. "Anasema kaona gari limeacha barabara penye uwanda wetu. Tairi tatu za aina moja, ya nyuma kushoto ya aina nyingine. Akasema, hili ni la Desmond wa mjini. Akashuka. Kaona mguu wa bata umezunguka, umezunguka, nyasi zimelala chini kama zimepigwa na polisi. Anasema, 'Mama, yule alikuwa anapigana na nyoka au anafua blanketi?' Tumecheka! Makapi kila mahali. Wifi, hukumfundisha kupepeta?"

Desmond alikuwa amefikiria petroli, maji, turubai, muda. Hakufikiria kwamba ametembea juu ya mchanga kwa saa tatu katika nchi ambayo watu wake husoma mchanga kabla ya kusema habari za asubuhi. Mtu wa Kintore asingelisahau hilo hata akiwa na homa.

Maudie hakucheka. "Mto ulikuwa umejaa?" akauliza.

"Ulikuwa umejaa, mama mkubwa."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Nilingoja saa nne."

Maudie akaweka pamba kwenye sahani ya bati. Akafungua mkoba wake, akatoa kitambaa cha kichwa, akakikunjua. Bonge lilikuwa ndani, jeusi, limepata mng'ao kwa kushikwashikwa. Akamnyooshea Desmond.

"Mpe mwenyewe."

Hatua zilikuwa mbili. Desmond alizipiga, akainama mbele ya kiti cha Eunice, ambaye bado alikuwa na mirija miwili mkononi, damu yake ikizunguka kwenda na kurudi.

"Shangazi, nilichukua bila kuuliza. Nilipita Papunya nikaona aibu kusimama."

"Aibu ungeiona kabla," Eunice akasema, naye bado anatabasamu, ana neno jingine tayari la kuongezea. Alilipokea bonge kwa mkono usio na mirija, akalisogeza puani kama mtu anayetaka kukosoa.

Neno la kuongezea halikuja. Alinusa mara ya pili, polepole. Mashine yake ikaendelea kuzunguka. Muuguzi alipita, akaangalia namba, akaandika, akaenda zake.

"Mwaka wa tatu huu," Eunice akasema. "Waliniambia nitakaa mjini wiki sita."

Akalishika bonge kifuani chini ya shuka. Desmond alibaki ameinama. Alikuwa ametumaini, na hakujificha vizuri, kwamba mwenye mali akiombwa radhi angeligawa, na chano kingezibwa kesho yake kama ilivyopangwa.

"Usinitazame hivyo," Eunice akasema. "Sitoi."

"Nani kakuomba?" Maudie akasema.

"Huyu. Macho yake."

"Macho yake ni ya mjini. Yasamehe." Maudie akajiinua, akashika mkono wa kiti cha mwenzake mpaka kizunguzungu kikapita. "Kaa nalo, wifi. Lakini usilitie mdomoni, meno yako yenyewe mawili."

"Mawili yanatosha kukung'ata."

Gari lilisimama kwenye taa za njia panda ya pili.

"Kwa nini hukuniambia?" Maudie akauliza.

"Nilikuona unavyongoja."

"Kungoja nakujua. Ndiyo kazi yangu humu mjini, kungoja. Ungesema, 'Mama, mto umejaa,' ningengoja." Alitazama nje, safu ya maduka. "Jana nimelala vizuri. Tangu nije hapa sijalala vile. Sasa nifanye nini na usingizi ule, niurudishe kwa nani?"

Taa zikawa kijani, Desmond akaondoa gari.

Jumanne alikuja na sanduku la vifaa. Barabara ya magharibi ilikuwa bado imefungwa; alikuwa amewapigia simu watu wa barabara saa mbili, na saa nne akawapigia tena. Huenda ingefunguliwa Alhamisi. Lori lingeondoka Ijumaa, lakini yeye mwenyewe asingepata siku nyingine za kwenda na kurudi kabla yake. Ufa ulikuwa sentimita ishirini na milimita mbili. Aliweka makopo mawili juu ya meza, moja jeupe, jingine la kijivu.

"Hii gundi," Maudie akasema baada ya kuyatazama kwa muda, "inatoka wapi?"

Desmond akageuza mkebe, akasoma. "Imechanganywa Melbourne. Dawa zake zimetoka ng'ambo, haijaandikwa nchi gani."

"Kwa hiyo haina mwenyewe."

"Haina."

"Hakuna wa kuulizwa."

"Hakuna, mama."

Maudie akauchukua mkebe, akautikisa karibu na sikio. Alikuwa amelifikiria jambo hilo usiku, ilionekana. Kitu kisicho na mwenyewe hakimkosei mtu. Chano kingefika kizima, Lorraine angekipokea kizima, na hakuna mtu wa uwanda wowote ambaye angekuwa na neno.

"Itashika?"

"Itashika."

"Miaka mingapi?"

"Itadumu kuliko mimi."

"Haya. Na siku moja wenzangu wa kule wakitaka kuuweka ulimbo wetu juu yake? Utashika?"

Hapo ndipo Desmond angeweza kunyamaza, au kusema sijui, na mkebe ungefunguliwa. Alilijua jibu. Alikuwa amerekebisha viti vya zamani vya kutosha, vilivyopakwa gundi ya dukani na mtu wa kabla yake, akakwangua kwa patasi na msasa mpaka akafika kwenye mti mpya, na bado gundi ya kale ilikataa.

"Hautashika," akasema. "Hii inaingia kwenye matundu ya mti na kuyajaza. Ulimbo unahitaji matundu hayo. Ikishaingia, imeingia. Haitoki kwa moto wala kwa maji. Ukitaka kuitoa itakubidi ukate mti."

Maudie akaurudisha mkebe mezani, karibu na mwenzake, akaipanga iwe sawa.

"Basi hapana," akasema.

"Ufa utaendelea. Barabara ile itakitikisa kilomita mia tano. Kitafika vipande viwili."

"Kizuie basi. Wewe si fundi? Usikigundishe, kizuie."

Desmond alikaa kwenye kiti cha plastiki akafikiri juu ya kuzuia bila kugundisha, jambo ambalo katika kazi yake hakuna aliyewahi kumwagiza. Kisha akatoa keekee ndogo ya mkono, akatafuta kwa kioo cha kukuzia mahali hasa ufa ulipoishia, akatoboa tundu la milimita mbili mbele yake. Ufa ukifika kwenye tundu la duara hukosa ncha ya kuendelea nayo. Maudie aliangalia akiwa amekunja uso, kisha akakubali kwamba tundu ni tundu, mama yake naye alitoboa kwa moto.

Kwa kufunga zilihitajika kano. Desmond alikwenda dukani akanunua mkia wa kangaruu ulioganda, uliofungwa katika plastiki, akauyeyusha kwenye beseni la hosteli. Maudie alimwonyesha pa kukata na pa kuvuta. Kano zilitoka ndefu, nyeupe, moja moja, kama nyuzi kutoka kwenye pindo. Akazitafuna mwenyewe mpaka zikalainika, akampa. Desmond alitoboa matundu sita zaidi, matatu kila upande wa ufa, akapitisha kano na kuzikaza kwa koleo huku Maudie akimwambia legeza, kaza, legeza, wewe unafunga mbuzi? Zilipokauka zilijivuta zenyewe. Saa kumi na moja jioni ufa ulikuwa bado wazi, lakini ukucha haukuingia.

"Uache hivyo," Maudie akasema. "Watauziba wao. Lorraine auzibe."

"Lorraine anajua?"

"Hajui. Wewe ulijua?"

Barabara ilifunguliwa Alhamisi saa tisa alasiri. Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Desmond alikikabidhi chano kwa dereva wa lori, kimeviringishwa katika blanketi mbili na kuwekwa kati ya magunia ya unga mahali ambapo hakuna kitu cha kukiangukia. Maudie hakuwepo. Saa hiyo alikuwa anachomwa sindano ya pili.

Jumanne tarehe ishirini na tatu, saa nane na dakika arobaini mchana, Desmond alimshika mkono hadi kwenye simu ya ukutani katika ukumbi wa hosteli, akaingiza kadi mpya, akapiga namba ya simu ya umma iliyo nje ya duka la Kintore. Ujumbe wa siku na saa ya kupiga ulikuwa umepelekwa na dereva. Lorraine aliipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Bibi, tuko hapa. Moto tumeuwasha chini ya simu kabisa, waya mfupi. Mwenye duka katoka anapiga kelele, moshi unamwingilia kwenye mikate."

"Mwambie anunue dirisha. Nyasi mmechapa?"

"Jana. Mimi nimekaa tu na tumbo langu, wengine wamechapa. Unga umetoka mwingi, lakini una mchanga."

"Una mchanga kwa sababu hamkupepeta. Pepeteni tena."

Desmond alishika kiti ili Maudie akae. Aliweza kusikia sauti ya Lorraine ikitoka kwenye mkono wa simu, nyembamba, na nyuma yake mbwa, na wanawake wakibishana juu ya kijinga kipi kina kaa zuri. Maudie alisema: karibisha kaa, usiguse. Alisema: subiri. Alisema: ukiona unang'aa kama mgongo wa mende, kusanya kwa kijiti. Akauliza kama umekuwa mweusi. Lorraine akasema umekuwa kahawia. Bado, akasema Maudie.

"Umekuwa mweusi sasa, bibi."

"Nusa. Unanukaje?"

"Unanuka... unanuka moshi, bibi."

"Moshi gani? Kila kitu kinanuka moshi."

Alisikika akivuta hewa puani. "Kama pale kisimani baada ya watu kuchoma nyasi," Lorraine akasema. "Kama pale mwambani."

Mkono wa kushoto wa Maudie, ule uliovimba, ulikuwa umeufunika mkono wa simu upande wa chini, kana kwamba kuna upepo. "Haya," akasema. "Mate vidoleni. Sukuma ndani ya ufa. Si juu, ndani. Sukuma kwa kidole gumba."

"Moto!"

"Unachoma, ndiyo. Sukuma."

Desmond alitoa penseli na kipande cha karatasi, akawa anaandika: kaa bila kugusa, rangi ya mgongo wa mende, mate, gumba. Kioo kidogo cha simu kilionyesha dakika zilizobaki kwenye kadi. Zilikuwa nane, halafu saba. Alimwonyesha Maudie kwa vidole. Maudie alitikisa kichwa.

"Umeingia wote?"

"Umeingia. Bibi, alama ya kidole changu imebaki. Nisawazishe?"

"Acha. Usiisawazishe."

"Tumwage maji tuone?"

"Subiri upoe. Hesabu mia mbili."

Wakahesabu kule, wanawake kadhaa kwa pamoja, wakikosea na kucheka na kuanza upya kutoka sitini. Maudie alihesabu nao kwa midomo bila sauti. Kisha maji yakamwagwa. Desmond hakuyasikia, aliona tu Maudie akiinua kichwa.

"Hakivuji, bibi," Lorraine akasema. "Kikavu chini. Nimepitisha mkono."

"Pitisha tena."

"Kikavu."

"Usikate simu. Waambie wenzako waendelee kusema. Waseme chochote."

Wanawake wakaendelea: habari ya mbwa, ya mwenye duka, ya nani alale na chano usiku huo. Saa tisa na dakika kumi na mbili kadi ikaisha.